Spika za kumiksi na kusikiliza muziki nyumbani: zipi ununue ukiwa na chumba cha futi kumi kwa kumi

Kabla ya kwenda dukani, azima tepu ya fundi upime chumba chako: urefu, upana, na kimo kutoka sakafuni hadi silingi. Vijana wengi wanaoniuliza wanunue spika gani huja na jina la kampuni mdomoni, nami huwauliza chumba chao kina futi ngapi. Hudhani nakwepa swali, kumbe jibu langu lote linategemea hapo.

Vyumba vingi vya kupanga hapa Kisumu, iwe Manyatta, Nyalenda au Obunga, ni futi kumi kwa kumi. Nakuru ni hivyo hivyo ukiingia Langa Langa au Kaptembwo. Futi kumi ni kama mita 3.05. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na kila chumba kina noti kinayoipenda, ile ambayo nusu ya wimbi lake hutoshea barabara kati ya ukuta mmoja na wa pili. Kwa mita 3.05, noti hiyo iko karibu na 56 Hz, yaani mitetemo 56 kwa sekunde. Sasa chukua gitaa la besi upige uzi wa A bila kuubana: 55 Hz. Mwenye ploti alitaka tu vyumba vingi vitoshe kwenye kiwanja chake, lakini alichojenga ni chumba kinachorindima kila besi inapogusa A. Na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kuta zote nne zinarindima noti moja kwa pamoja.

Ukikaa umeegemea ukuta, A hiyo inanguruma kama lori la miwa likipanda mlima. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, inatoweka. Spika ni ile ile na wimbo ni ule ule. Kwa anayemiksi benga, yaani anayepatanisha sauti na ala za wimbo, hili ni jambo zito, maana benga huishi kwa mazungumzo ya gitaa la besi na gitaa la juu. Ukiona A imezidi, utaipunguza. Ukiipunguza, wimbo ukienda kupigwa kwa gari la mtu mwingine, besi itakuwa na pengo kila mwanamuziki anaporudi nyumbani kwenye A. Hakuna spika ya bei yoyote itakayokuokoa hapo kama kiti chako kiko mahali pabaya.

Weka basi kichwa chako kwenye theluthi moja na kidogo ya urefu wa chumba, ukitazama ukuta wa mbele. Kwa futi kumi hiyo ni kama sentimita 115 kutoka ukutani. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, sentimita 80 au 90 kila upande, na twita, zile spika ndogo za sauti za juu, ziwe usawa wa masikio. Spika zisikae juu ya meza moja kwa moja, maana meza nayo itaanza kuimba. Mimi nimezipandisha juu ya mawe ya kujengea ya inchi sita niliyoomba kwa jirani aliyekuwa akijenga, na kati ya jiwe na spika nimeweka kipande cha ndara. Stendi nzuri za dukani zingenigharimu karibu nusu ya bei ya spika yenyewe.

Spika ya kukufurahisha na spika ya kukuambia ukweli

Spika nyingi za sebuleni zimetengenezwa zikupendeze. Besi imeinuliwa, sauti za juu zimeinuliwa, za katikati zimezamishwa kidogo. Ukisikiliza kwa dakika tano unafurahi. Ukimiksi juu yake unapotoshwa, kwa sababu utapunguza besi ambayo wimbo wako hauna.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliifanya hivyo. Ilikuwa albamu fupi ya kwaya ya kanisa, na niliimiksi kwa woofa ya sebuleni kwa wiki mbili. Nyumbani ilikuwa tamu sana. Siku ya kuizindua, ilipopigwa kwa spika kubwa za kanisani, waimbaji wa sauti ya nne, ile ya besi, hawakusikika kabisa, na baba mmoja mzee wa kwaya aliniuliza kwa upole kama niliwafuta. Sikuwafuta. Woofa ilikuwa inawaongeza, nami nikawa nawapunguza kidogo kidogo kila jioni. Tangu siku hiyo nimelichukulia suala la spika kwa uzito, kwa sababu sauti za watu wazima waliofanya mazoezi miezi mitano zilipotea mikononi mwangu.

Spika inayoitwa monita ya studio imetengenezwa isipendelee upande wowote. Ndani yake mna amplifaya, mara nyingi mbili, moja ya woofa, yaani koni kubwa ya besi, na moja ya twita, kwa hiyo huhitaji kununua amplifaya kando. Historia yake ina jambo la kufurahisha: Yamaha walitoa NS-10 mwaka 1978 kama spika ya kusikilizia nyumbani, haikupendeza masikio ya wengi sebuleni, lakini mafundi wa studio waliichukua kwa sababu ilionyesha makosa ya sauti za katikati bila huruma. Ile koni nyeupe ikawa alama ya studio duniani kote hadi ilipoachwa kutengenezwa 2001. Wimbo uliosikika vizuri kwenye NS-10 ulisikika vizuri popote. Mimi hukumbuka hilo kila mtu anaponiambia spika fulani "haina utamu."

Je, monita inafaa kusikilizia pia? Inafaa sana, ukiipa wiki mbili masikio yako yaizoee. Rekodi za zamani za gitaa zilizofanywa vizuri hufunguka, unasikia gitaa la pili lililokuwa limejificha miaka yote. Rekodi mbaya nazo husikika mbaya, na hiyo ni haki.

Orodha yangu

Naipanga kwa mtu wa chumba kimoja au viwili, anayetaka spika za kazi mbili, kumiksi na kusikiliza, na ambaye hana mahali pa kutupa pesa. Bei nitazitaja kwa makadirio tu. Dola ikipanda, maduka ya Luthuli Avenue kule Nairobi hupandisha asubuhi hiyo hiyo, na sisi wa huku tunaongezewa nauli ya basi juu yake.

Ya kwanza: JBL 305P MkII. Woofa ya inchi tano, amplifaya mbili za wati 41 kila moja, na hushuka hadi 43 Hz kabla ya kupungua kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Jozi mpya huanzia kama shilingi elfu arobaini. Nimeiweka juu kwa sababu moja kubwa: lile umbo la bakuli linalozunguka twita husambaza sauti kwa usawa, hivi kwamba ukisogea kidogo kushoto au kulia, unayosikia hayabadiliki sana. Katika studio ya nyumbani hili lina thamani kuliko wati. Mwimbaji ameketi kitandani kando yako, mpiga besi amesimama mlangoni, na wote wanataka kusikia mlichorekodi. Kwenye spika nyingi za bei hii ni wewe tu uliye katikati unayesikia ukweli, na mabishano huanza.

Pia inakubali stima ya kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo shangazi aliye Marekani akikuletea kwenye sanduku lake la nguo, unabadilisha waya wa stima tu na unaendelea. Swichi za nyuma zinapunguza besi ikiwa spika iko karibu na ukuta, na kwa chumba chetu utazihitaji. Kasoro yake ni mvumo mwembamba wa twita wakati hakuna muziki. Ukiwa umbali wa sentimita 80 usiku wa manane utausikia. Muziki ukianza, unasahau. Anayelala chumba hicho hicho aizime swichi kabla ya kulala.

Ya pili: Yamaha HS5. Inchi tano, wati 70, 45 za chini na 25 za juu, na ile koni nyeupe iliyorithiwa kutoka NS-10. Tarajia elfu hamsini kwenda juu kwa jozi. Kwa sauti za binadamu na ala za nyuzi, kwa bei hii sijasikia inayonishawishi zaidi, na kama kazi yako ni muziki wa huku kwetu, isome aya hii mara mbili.

Nyatiti ina nyuzi nane, lakini sauti yake si nyuzi tu. Mpigaji amevaa gara, yaani njuga, mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu, na pete hiyo hugonga ubao wa ala yenyewe. Ukiimiksi kwa spika iliyozamisha sauti za katikati, unapata nyuzi bila mguu, na nyatiti bila mguu imekatwa nusu. Kwenye HS5 kila pigo la pete linasikika mahali pake. Orutu nayo ni kinyume, kwa sababu uzi wake mmoja unasugua pale pale ambapo sikio la binadamu ni kali zaidi, kati ya 2,000 na 5,000 Hz. Katika ohangla, orutu ndiyo ya kwanza kuumiza masikio ya msikilizaji wa simu. HS5 itakuumiza wewe kwanza, ukiwa bado unaweza kurekebisha.

Kwa nini basi ni ya pili? Besi. Kufikia 54 Hz imeshapungua desibeli 10. Uzi wa E wa gitaa la besi ni 41 Hz, kwa hiyo mzizi wa noti hiyo huusikii, unasikia sauti yake ya pili ya 82 Hz na ubongo unajaza pengo. Kumiksi inawezekana kabisa, mradi uwe na hedfoni za kuhakiki chini. Kwa kusikiliza tu jioni, wengine huiona kavu. Halafu kuna la stima: HS5 hutengenezwa kwa volti ya eneo inakouzwa. Iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 120, na ukiichomeka kwenye 240 zetu itaungua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, usimwamini aliyekuletea.

Ya tatu: hedfoni nzuri pamoja na spika ndogo, PreSonus Eris E3.5. Kwa mwenye chini ya elfu arobaini, hii ndiyo ya kwanza, na ninaipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wetu tuko hapa. Sony MDR-7506 ziko sokoni tangu 1991 na bado zinatumika studio na redio. Audio-Technica ATH-M40x ni mbadala mzuri. Kwa hedfoni chumba chako hakina la kusema: hakuna 56 Hz inayorindima, hakuna mvua kwenye mabati, hakuna jirani anayegonga ukuta. Utasikia besi hadi chini kabisa, na utasikia kila pumzi na kila makosa ya kukata na kuunganisha.

Lakini hedfoni peke yake zina udanganyifu wao. Kila sikio husikia upande wake tu, kwa hiyo gitaa ulilolitupa kushoto linaonekana mbali sana, na mwangwi ulioongeza kwa sauti ya mwimbaji unaonekana umetosha wakati hautoshi, au kinyume chake. Ndiyo maana unahitaji spika, hata ndogo. Eris E3.5 ina woofa ya inchi 3.5 na wati 25 kila upande. Amplifaya iko kwenye spika moja, ya pili inaunganishwa kwa waya, na mbele kuna tundu la hedfoni. Huanza kuchoka karibu na 80 Hz, na katika futi kumi kwa kumi huo ni msaada, kwa sababu haiamshi lile rindimo la 56. Spika zikupe mizani ya sauti na magitaa, hedfoni zikupe besi. Binamu yangu wa Nakuru anayepiga kinanda kanisani amefanya kazi hivi miaka mitatu, na miksi zake husafiri vizuri kuliko za watu wenye spika za mara tatu ya bei.

Ukinunua hedfoni, epuka zinazouzwa kwa robo ya bei ya kawaida hata kama jina ni sahihi na boksi linang'aa. Za bandia ni nyingi.

Ya nne: KRK Rokit 5 G4. Koni za njano, wati 55, tundu la hewa mbele, na nyuma kiskrini kidogo chenye mipangilio 25 ya kurekebisha sauti. Maprodyuza wa hip hop na gengetone huipenda kwa sababu besi yake inakupa ari ya kutunga. Naielewa ari hiyo. Kwa kutengeneza biti ningeipandisha hadi ya pili. Kwa kumiksi kwaya au benga naiacha hapa, kwa kuwa utamu wake wa chini unahitaji nidhamu, uupunguze kwa skrini ile na usiurudishe.

Ya tano katika chumba kidogo, ya kwanza katika chumba kikubwa: Kali LP-6. Inchi 6.5, wati 80, inashuka hadi 39 Hz, tundu la hewa mbele, na swichi ndogo za nyuma unazozipanga kulingana na mahali spika ilipo, iwe juu ya meza, karibu na ukuta au kwenye stendi. Kama una sebule ya futi kumi na nne kwa kumi na nane, kule Milimani au nyumba ya wazazi kijijini Vihiga, acha yote niliyosema na ununue hii. Hasa kama unarekodi isukuti. Ngoma ile kubwa, baba wa zile ndogo, inahitaji koni yenye eneo la kusukuma hewa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na nadhani njia mojawapo ya kuilinda ni kuirekodi kwa namna ambayo ngoma kubwa isigeuke debe.

Kwa futi kumi kwa kumi, besi yote hiyo itaamsha chumba. Hapo ndipo ninapowapinga wanaotaka Yamaha HS8 ya inchi nane "ili wasirudi dukani tena." Ndani ya chumba chao watarudi.

Ya sita, kwa asiyemiksi: Edifier R1280T. Inchi nne, wati 42 kwa jumla, vitufe vya besi na sauti za juu ubavuni, rimoti. Unachomeka televisheni au simu na unaendelea na maisha. Ukitaka Bluetooth, tafuta R1280DB. Kwa mzazi anayetaka kusikiliza taarabu au rumba Jumapili mchana, hii ingekuwa ya kwanza na wala nisingemsumbua na habari za Hz.

Kuhusu woofa za vipande vitatu au vinne tulizo nazo karibu kila nyumba, sizidharau. Zinakusanya familia, zinacheza flashi na redio, na hazihitaji mtaalamu. Kwa kumiksi, mwisho wa orodha. Vispika vyake vidogo huchoka mapema, sanduku la besi hupiga noti chache kwa nguvu, na kati yao hubaki shimo pale sauti za wanaume zinapokaa. Iweke kama shahidi wa mwisho: wimbo ukishakamilika, upige hapo usikie jirani yako atakavyousikia. Na zile wati elfu tano zilizoandikwa kwenye boksi kwa herufi za PMPO, zipuuze. Geuza sanduku, soma kibandiko kinasema linakula wati ngapi za stima. Kama linakula 60, haliwezi kutoa elfu tano.

Vya mtumba kutoka Uingereza

Zile redio na spika kubwa za mbao zinazouzwa kama ex-UK zinaweza kuwa bahati. Masanduku ya zamani yalikuwa mazito na mazuri. Ila spika hizo hazina amplifaya ndani, kwa hiyo piga hesabu ya vyote viwili. Toa kitambaa cha mbele uangalie ukingo wa koni: kama ni wa sponji na una miaka ishirini, ukiugusa unaweza kubaki na unga kidoleni. Kama ni wa mpira, una matumaini. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyosambaa, na ukisikia mkwaruzo, koili imekwenda upande, achana nayo. Fundi mwenye mita apime: spika ya om 8 husoma karibu 6. Isiposoma kitu, imekatika.

Dukani na njiani

Nenda na muziki wako kwenye flashi, nyimbo tatu unazozijua hadi pumzi. Moja iwe na sauti ya mtu katikati bila mbwembwe. Sauti hiyo isipotokea katikati ya spika mbili, ikawa kana kwamba mwimbaji ameenea ukutani, basi waya za spika moja zimegeuzwa. Omba wapige spika moja moja pia. Kisha tumia programu ya simu ya kutoa noti moja, panda pole pole kutoka 40 hadi 200 Hz, usikilize panapokwaruza.

Kisumu unaweza kupata baadhi ya hizi kwenye maduka ya ala ya katikati ya mji, kuanzia Oginga Odinga Street, na Nakuru kwenye Kenyatta Avenue na mitaa yake. Nyingine utaagiza Nairobi zije kwa basi. Niliwahi kuagiza jozi kwa simu, nikalipa yote, na spika moja ikafika twita ikiwa kimya. Muuzaji alisema iliharibikia njiani, wa mizigo wakasema ilipakiwa hivyo. Sikupata kitu. Tangu hapo namtaka muuzaji azipige zote mbili kwenye video akionyesha namba za nyuma, anipe risiti yenye namba hizo, na ninafungua boksi pale pale kwenye ofisi ya mizigo kabla ya kutia sahihi.

Usisahau kebo. JBL na Yamaha hupokea XLR, ile plagi ya mviringo ya pini tatu, na jeki kubwa ya inchi robo, zisizounganika moja kwa moja na tundu la hedfoni la laptopu. Kama una kadi ya sauti ya nje, nunua kebo mbili za jeki aina ya TRS, zenye pete mbili nyeusi kwenye ncha, zile zinazozuia mvumo wa stima. Ukisikia mvumo wa 50 Hz, tafuta soketi moja ya kuchomeka vyote pamoja. Usikubali fundi akukatie pini ya ardhi ili mvumo uishe. Pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na stima.

Na huku kwetu kuna radi. Ukanda mzima wa ziwa, kutoka Kisii hadi Kakamega, wingu la alasiri likijikusanya, chomoa spika ukutani. Kifaa cha kulinda televisheni dhidi ya stima inayopanda na kushuka husaidia siku za kawaida, lakini radi haiheshimu kifaa. Nakuru tatizo lenu ni vumbi, kwa hiyo funikeni spika kwa leso zikizimwa, na msiisugue twita kwa kitambaa, ipulizeni tu.

Chumba chenyewe

Trei za mayai ukutani hazifanyi kazi unayodhani. Ni nyepesi mno, hupunguza kidogo tu sauti za juu na kuiacha besi yote. Blanketi nzito za mtumba kutoka soko la Kibuye, zilizokunjwa mara mbili na kutundikwa sentimita kumi mbali na ukuta, hufanya kazi bora kwenye kuta za pembeni ambapo sauti hugonga kwanza. Besi inataka unene. Godoro lililosimamishwa kwenye kona nyuma yako mchana, na kurudi kitandani usiku, limenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Kabati lililojaa nguo kwenye kona nyingine ni msaada pia.

Spika zikiwa mita moja kutoka ukuta wa nyuma yake, sauti inayorudi kutoka ukutani huzima kitu karibu na 86 Hz, pale pale besi na ngoma zinapokutana. Katika chumba kidogo ni heri kuzisogeza karibu na ukuta na kutumia swichi ya kupunguza besi.

Miksi kwa sauti ya chini, kiasi kwamba mtu akiongea kando yako humwambii arudie. Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio husikia besi kidogo sauti ikiwa chini na nyingi ikipandishwa, kwa hiyo ukimiksi kwa kelele, wimbo utakuwa mwembamba kwa msikilizaji wa kawaida. Pandisha mara moja moja uhakiki, kisha rudisha. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na anayemiksi kila jioni hufika hapo bila kujua. Jirani wa ukuta wa pili, mwenye mtoto mchanga, atafika kabla yako.

Spika zikishaingia, wiki ya kwanza usimiksi chochote. Sikiliza tu: nyimbo unazozijua, za watu wengine, zilizotengenezwa vizuri, kila jioni. Sogeza kiti mbele inchi nne, rudi nyuma inchi nne, usikie A ya besi inavyopanda na kushuka. Ukipata mahali ambapo E, A na D zinatembea kwa uzito mmoja, bandika tepu sakafuni chini ya miguu ya kiti, na umwambie kila anayefagia chumba asiibandue.